Maikrowevu ya kuzungusha swichi, lita 20: kama una watoto wa maswali mengi chukua hii

Naandika kwa ajili ya wazazi wanaotaka maikrowevu afu wanababaika kati ya zile za vitufe vya kugusa na hizi za swichi mbili za kuzungusha kwa mkono. Chukua ya kuzungusha. Yangu ni ya lita 20, wati 700, nimeitoa Kariakoo kwa laki na themanini, na tangu iingie ndani kupasha wali imekuwa kazi yake ya pili, ya kwanza ni majaribio ya sayansi na watoto wikiendi.

Sababu kubwa ni ile sahani ya kioo inayozunguka, kwamba inatoka. Zile mpya zenye sakafu bapa, kinachozunguka kimefichwa ndani huko na huwezi kukitoa, kwahiyo jaribio tamu kuliko yote linakupita, yaani lile la kupima kasi ya mwanga kwa chokoleti na rula ya shule.

Unafanya hivi. Toa sahani na ile pete yenye vigurudumu, kale kadude ka plastiki kanakobaki katikati kanazunguka bado, kafunike kwa bakuli la kioo ulilolipindua lisikaguse, juu yake weka sahani bapa na chokoleti nzima bila kuivunja (kwa joto la Dar ipitishe friji kwanza). Washa sekunde 20 mpaka 30, usizidishe, maana mashine haipendi kufanya kazi na mzigo mdogo muda mrefu. Sasa inama uangalie vizuri. Chokoleti haijayeyuka yote, kuna madoa mawili matatu tu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, ukigusa na njiti ya meno inazama, afu sentimita 2 pembeni yake bado ni ngumu kabisa na herufi za jina la chokoleti zinasomeka. Watoto wangu hapo walinyamaza, na nyumbani kwetu kunyamaza sio kitu cha kawaida.

Kinachotokea ni kwamba mawimbi ya mashine hii, ambayo yanakwenda kwa kasi ile ile ya mwanga, yanagonga kuta za chuma yanarudi yanakutana na wenzake, pengine yanaongezeana nguvu pengine yanauana, na hiyo ndo sababu sahani inazungushwa siku zote, ili chakula kisiive sehemu sehemu. Kutoka doa moja la moto mpaka jirani yake ni nusu ya urefu wa wimbi. Pima, utapata kwenye sentimita 6, zidisha mara 2 ni 12, yaani mita 0.12. Geuza mashine nyuma kwenye stika utakuta imeandikwa 2450 MHz, ambayo ni mitikisiko 2,450,000,000 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe urefu wa wimbi kwa hiyo mitikisiko: mita 294,000,000 kwa sekunde. Kasi yenyewe ya mwanga ni 299,792,458. Kwa rula ya plastiki jamani! Binti yangu wa sekondari ile fomula ya mawimbi alikuwa anaikariri tu, siku hiyo aliitumia. Madoa mengine hayakai kwenye mstari, we pima yaliyo jirani kadhaa utafute wastani, na kama hutaki chokoleti slaisi za chizi zinafanya kazi pia.

Na chokoleti ina haki yake kwenye hii mashine, kwa sababu mwaka 1945 huko Marekani Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alikuwa anashughulika na mitambo ya rada, peremende, wengi husema ya chokoleti, ikayeyuka mfukoni mwake, akaenda kujaribu na mahindi ya bisi. Maikrowevu ya kwanza ya kuuzwa ilitoka 1947, na ilikuwa na urefu wa karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 340 hivi. Leo mtu anabeba yake kwenye bodaboda.

Bisi nazo msiziache. Weka punje chache kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko unaoacha mvuke upite, ila kabla ya hapo nusu ya punje zitoboe ganda kwa sindano. Zilizo nzima zinapasuka kwa sababu maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kukosa pa kutokea, zilizotobolewa mvuke unavuja na nyingi zinabaki zimekaa tu. La barafu ni rahisi zaidi: kikombe kimoja barafu iliyotoka friza sasa hivi, kingine maji kidogo ya kiasi hicho hicho, pamoja, nusu dakika. Maji yanapata moto wakati barafu ndo kwanza inaanza kulowa, maana molekuli za barafu zimebanana, haziwezi kugeukageuka na wimbi kama za maji. Papadi mbichi nazo zinavimba bila tone la mafuta, tena zinaliwa.

Mambo ya kutofanya, na hapa nasema kwa msisitizo. Yai zima hapana, hata la kuchemsha, linaweza kulipuka hata baada ya kulitoa. Zabibu mbili zilizogusana hapana, zinatoa plazima, yaani gesi ya moto sana inayong'aa, inaruka kwenda juu na kuunguza mashine. Wanafizikia wa Kanada walieleza mwaka 2019 kwamba nguvu inajikusanya pale zinapogusana, watoto wasome tu hivyo inatosha. Maji matupu kwenye kikombe laini usiyachemshe muda mrefu, yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu afu yakakurukia ukiyatikisa, tumbukiza kijiti cha mbao kabla ya kuwasha.

Kasoro zipo. Taima ya kuzungusha haina uhakika chini ya dakika moja, natumia saa ya simu na kuzima kwa mkono. Taa ya ndani hafifu, waya mfupi, maelekezo ni Kichina na Kiingereza tu. Umeme sio wa kutisha, inavuta kama wati 1,200, kwahiyo dakika 2 ni uniti 0.04.

Naipa nyota 4, ya tano imeondoka na taima. Ukienda dukani omba mwuzaji akutolee sahani mbele yako na akuwashie na glasi ya maji ndani, na mlango ubane vizuri. Sahani ikivunjika inauzwa peke yake, ila nenda na kipimo chake, zipo za sentimita 24.5 na za 27, na uangalie vile vinundu vitatu vya chini vinakaa sawa kwenye kale kadude ka katikati.