Zotero: ya bure, lakini haisamehe uvivu

Wiki za kuwasilisha tasnifu, kwenye vibanda vya kuchapisha na kutia majalada karibu na vyuo, iwe ni Maseno, Kakamega au Njoro, kinachokwamisha foleni mara nyingi si printa. Ni mtu aliyeinamia kompyuta pembeni akirekebisha marejeo kwa mkono, nukta baada ya nukta, kwa sababu msimamizi anataka mtindo wa marejeo wa APA, toleo la 7, naye aliandika kila rejeo jinsi alivyolikuta. Zotero ipo ili mtu huyo asikae kwenye kiti hicho.

Ni programu ya bure ya kutunza marejeo na kuyapanga kwa mtindo unaotakiwa, na msimbo wake uko wazi. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hufanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs. Anayeandikia WPS ahame kwanza, maana huko haina kiunganishi chake. Funga Word kabla ya kuisakinisha, kisha weka kiunganishi cha brauza. Umeme ukipotea na intaneti nayo ikaenda, maktaba yako inabaki kwenye laptopu na unaendelea kunukuu mradi betri ipo. Kwa Kisumu hilo si jambo dogo.

Kuingiza makala ni kubonyeza mara moja tu, lakini tazama alama ya kiunganishi kabla ya kubonyeza. Ikiwa ni karatasi ya makala au kitabu, programu imeitambua kazi yenyewe. Ikiwa ni ukurasa wa kijivu, itahifadhi ukurasa wa tovuti tu, na rejeo lako litakosa jina la jarida, juzuu na kurasa. Hapo nakili nambari ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, uiingize kwa kitufe chenye alama ya kijiti cha mazingaombwe. Makala za zamani zilizopigwa skani, zisizo na DOI, jiandae kuzijaza kwa mkono. Tasnifu zilizotolewa kwenye hazina za vyuo nazo zikaguliwe, maana huweza kuingia kama makala ya jarida, na jina la chuo likakosekana.

Sasa kasoro inayowaumbua wengi. Ripoti ya Kenya National Bureau of Statistics ikiingia vibaya, orodha ya marejeo itasema "Statistics, K. N. B. of". Programu imedhani shirika ni mtu, ikachukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Mwishoni mwa mstari wa jina la mwandishi kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, visanduku viwili vya jina vigeuke kimoja, kisha andika jina zima la shirika humo. Fanya vivyo hivyo kwa wizara, kaunti na taasisi za utafiti. Waandishi wetu nao huathirika: mtu akitanguliza jina la ukoo kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, Ochieng anageuka kifupi cha O. na Peter anakuwa ukoo. Msimamizi anayemfahamu mwandishi huyo atakushangaa.

Wanaoandika kwa Kiswahili wana mtego wa ziada. Mitindo kama Chicago na MLA hukuza herufi za vichwa kwa kanuni ya Kiingereza, na "Matumizi ya ardhi na maji" hutoka "Matumizi Ya Ardhi Na Maji". Jaza "sw" kwenye sehemu ya lugha ya rejeo hilo, itaacha kichwa kama ulivyokiandika. APA ni kinyume chake: haitakupunguzia herufi kubwa, hivyo kichwa kilichoingia kwa herufi kubwa tupu kirekebishe ndani ya Zotero.

Ndani ya Zotero, si ndani ya Word. Ukiongeza nambari ya ukurasa kwa kuichapa moja kwa moja kwenye nukuu, inaweza kufutika marejeo yatakapojisasisha. Bonyeza jina lililo kwenye upau wa kunukuu, uandike ukurasa hapo. Tasnifu ikizidi kurasa 150 na Word ianze kujikokota, zima usasishaji wa papo hapo katika mapendeleo ya waraka. Nukuu mpya zitapigiwa mstari uliokatikakatika hadi ubonyeze "Refresh". Na usiifungue faili ya Word kwa Google Docs "kidogo tu" ukiwa saiba: nukuu hugeuka maandishi mafu. Njia halali ya kuhama ipo katika mapendeleo hayo hayo.

Nafasi ya bure ya Zotero mtandaoni, ya kuhifadhi faili, ni MB 300. Kwa PDF za MB 2 kila moja, hizo ni makala 150 hivi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi, kwa hiyo anayebana pesa azime usawazishaji wa faili na abaki na wa taarifa. Anayebana bando achague faili zipakuliwe zinapohitajika tu. Mendeley, iliyonunuliwa na Elsevier mwaka 2013, hutoa GB 2 bure. Lakini kwa kazi ya miaka mitatu au minne, heri programu isiyo mali ya mchapishaji wa majarida.

Nakala ya akiba: funga Zotero, kisha nakili folda nzima iitwayo Zotero kwenye flashi. Usiihamishie folda hiyo ndani ya Dropbox au OneDrive ukidhani umejilinda. Faili ya zotero.sqlite, inayobeba maktaba yako, husawazishwa ikiwa katikati ya kuandikwa, na siku moja haitafunguka.

Kwa mwenye laptopu yake na marejeo zaidi ya 30, hakuna cha kusitasita. Anayetegemea kompyuta za saiba, ambako haruhusiwi kusakinisha kitu, atumie ZoteroBib: iko kwenye brauza, haidai akaunti, na insha ya marejeo kumi inaimaliza vizuri. Atakachokosa ni kunukuu moja kwa moja ndani ya Word.