Duka la kubana na kugawa rekodi za muziki, Makoroboi, Mwanza

Duka hili dogo la Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, hupokea rekodi za kwaya na vikundi vya ngoma, huzibana ziwe faili nyepesi, kisha huzirusha kwenye flashi na memori kadi au kuziandaa zitumwe kwa simu. Kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kilipeleka huko nyimbo zilizotoka studio zikiwa bado WAV, yaani faili za sauti ambazo hazijabanwa, ambazo kila dakika hula takribani megabaiti 10, mzigo ambao mwanachama aliyeko Ukerewe hawezi kuupakua bila kumaliza bando.

Ninalolisifia zaidi ni swali ambalo mhudumu huuliza kabla hajagusa kompyuta: wimbo utachezewa wapi? Kwa wanaosikilizia spika ya simu alipendekeza MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya sauti), ambapo wimbo wa dakika tano hushuka hadi megabaiti 5 hivi. Kwa wenye sabufa nyumbani, kilobiti 320, yaani megabaiti 12. Na nakala ya kuhifadhi akaitengeneza kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. Ushauri huo ni sahihi, maana MP3 hupunguza uzito kwa kuacha sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzinasa, na kilobiti zikizidi kupungua hulazimika kuacha hata zinazosikika.

Kwenye kilobiti 128 ngoma kubwa ilibaki na mdundo wake, na sauti ya kiongozi wa wimbo haikuwa na la kulalamikia, ila njuga za miguuni zilipoteza makali na kusikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, hasa wachezaji wote wanapokanyaga kwa pamoja. Katika spika ya simu tofauti hiyo haisikiki. Katika hedifoni nzuri haijifichi.

Udhaifu wa duka uko kwenye utunzaji wa faili. Faili za kwanza za 320 zilikuwa na uzito uliotakiwa, lakini njuga zilikuwa zilezile za mchanga, na nilipozifungua katika programu ya Audacity na kutazama mchoro wa masafa ya sauti, juu ya hezi 16,000, yaani kwenye sauti nyembamba kabisa, palikuwa patupu, sawasawa na faili za 128. Kijana wa zamu alikuwa amezitengeneza kutoka kwenye MP3 ndogo badala ya kurudi kwenye WAV, na kilichokwisha kutupwa hakirudi kwa kuongeza kilobiti. (Sijui ni wateja wangapi huondoka na faili za namna hiyo wakiamini wamelipia ubora.) Mwenye duka hakubishana, akazirudia bila malipo.

Bei ni ya kawaida, na foleni ya Jumamosi inachosha. Ningependa waongeze Opus, aina mpya zaidi ya kubana sauti, ambayo kwa kilobiti 96 tu ingewapa wenzetu wa Ukerewe sauti safi kuliko MP3 ya 128, ingawa redio nyingi za zamani zenye tundu la flashi haziisomi.