Labo ya Nyawera ya vipimo vya ini: vile tulihudumiwa

Wandugu wa Bukavu, niliahidi kuandika juu ya ile labo ya Nyawera, ile ya juu ya famasi yenye mlango wa kijani. Baba mudogo yangu ana hepatiti B ya miaka mingi, ini imeshakuwa ngumu, dokta alisema aende India abadilishiwe na kijana yake njo atatoa kipande, kwa hiyo tulitafuta vipimo vya wote wawili.

Kwanza tulipitia pengine, jina sitaji. Kichupa cha damu kilikaa dirishani kwenye jua tangu asubuhi mpaka saa sita, nilikiona na macho yangu, na bilirubini, ile rangi ya manjano inayojaa kwenye damu ini ikigonjwa, ikatoka karibu ya kawaida wakati macho ya mzee yalikuwa manjano kama embe! Kumbe mwanga unaiharibu bilirubini. Niliumia sana, dola zilienda na siku tatu zikapotea.

Hapa Nyawera yule fundi aliandika jina na saa kwenye kichupa mbele yetu, akakifunika na karatasi ya aluminiamu, kisha alipotoa kwenye santrifije, ile mashine ya kuzungusha damu, akatuonyesha, damu imeshuka chini na juu kuna maji ya manjano nzito. Akasema yangekuwa mekundu angemwaga na kuchukua damu ingine, sababu chembe za damu zikipasuka AST, kipimo kimoja cha ini, inapanda ya uongo.

Halafu akauliza kitu sijawahi kuulizwa mahali popote: ile inayobaki, mnakubali tuiweke kwenye kongelateri, ile friji ya kugandisha, kwa ajili ya utafiti? Mama mudogo akashtuka, "Damu ya bwana yangu munataka kuifanya nini?" Fundi akavuta kiti akakaa, akamuambia, Mama, huyu mzee anaenda kubadilishiwa ini sababu kuna wagonjwa wengine walitoa damu yao kwa utafiti kabla. Akatuambia Starzl, dokta wa upasuaji kule Marekani, alizoeza mikono kwa mbwa miaka kadhaa, 1963 akajaribu kwa mtu, wa kwanza wakafa, mpaka 1967 njo mgonjwa wake akaishi kupita mwaka. Na Calne, dokta wa upasuaji wa Uingereza, aliona kwamba nguruwe wengi wanapokea ini ya nguruwe mwingine bila dawa yoyote, lakini mtu hapana, mwili wake unaikataa kama hapewi dawa. Hapo njo nilielewa. Mnyama anakufundisha kushona mishipa na kutunza ini isiharibike njiani, lakini vile mwili wa mtu unakataa, hiyo inasomwa kwenye damu na vipande vya ini vya wagonjwa wenyewe, na kama kichupa kilikaa juani kinamdanganya mgonjwa na kinamdanganya mtafiti pia.

Kijana alikuwa kimya muda wote, akauliza polepole, "Na yangu itarudi?" Fundi akamuambia 1931 watafiti Higgins na Anderson walikata theluthi mbili ya ini ya panya, na ndani ya wiki chache ikarudia ukubwa wake. Kwa mtu pia inakua tena, lakini upasuaji una hatari yake, hiyo aongee na dokta wa kule asifiche woga wake. Nilipenda sana hakumdanganya mtoto wa watu.

Kitu kimoja sikupenda, na niliwaambia: karatasi ya kukubali ni ya Kifaransa tupu. Mama mudogo hasomi Kifaransa, fundi alimutafsiria mstari kwa mstari na kumuambia anaweza kukataa na huduma haibadiliki, kwenye kichupa cha utafiti wanaweka namba tu bila jina. Sawa, lakini siku huyu fundi hayupo? Muandike Kiswahili, ni mwili wa mtu huo. Na majibu walisema saa tisa, yakatoka kesho yake.

Mama mudogo alisaini, kijana pia. Mkienda mufike mapema saa moja, na mgonjwa asikule kitu, benchi ni moja tu na saa tatu imeshajaa.