Miaka minne na drili ya nyundo: uzoefu wangu

Drili yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuwa ile ya kawaida yenye alama ya nyundo ubavuni, na mimi nikajua nyundo ni nyundo. Nikaielekeza kwenye nguzo ya zege, nikaisukuma kwa kifua, na baada ya dakika tano nilikuwa na kishimo kisichofikisha ukucha, biti iliyogeuka rangi ya bluu na harufu ya mota inayoungua. Nikailaumu mashine kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Drili za aina hiyo hugonga kwa sahani mbili zenye meno zinazokwaruzana na kurukiana. Mapigo ni mengi mno lakini mepesi, na uzito wake unatoka kwenye mabega yako. Kwa tofali zinatosha kabisa. Kwa zege utachoka wewe kabla ya ukuta. Niliyoinunua baadaye, ambayo ndiyo habari yangu hapa, ni ya wati 800, ya mfumo wa SDS-Plus, yaani biti inachomekwa tu na kujishika yenyewe. Ndani kuna pistoni inayobana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha chuma kigonge kitako cha biti. Mapigo ni machache kuliko ya ile ya kwanza, ila kila moja linauma. Kazi yako ni kuinyoosha na kuikandamiza kidogo tu isirukeruke. Ukiigandamiza kwa nguvu unainyima nafasi ya kugonga: kasi inashuka, mota inapata moto, tundu haliendi. Mkono uliozoea kusukuma unachelewa sana kuliamini hilo.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Nilichomeka biti, ikaingia na kulia "tak", lakini ikawa inacheza mbele na nyuma karibu sentimita moja. Nikasema nimeuziwa mbovu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Kitako cha biti, chenye unene wa milimita 10, kina mifereji ya kukiwezesha kuteleza kinapogongwa. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka nakifuta vumbi, napaka grisi kidogo, kisha naivuta biti kuhakikisha imeshika. Plagi inakuwa imechomolewa wakati wote huo. Kitako kikiwa kikavu kinachemka na kula mdomo wa mashine, na mdomo huo si wa kubadilisha kila siku.

Adabu yenyewe niliipata juu ya ngazi. Nilikuwa nimeuvua ule mpini wa pembeni kwa sababu uligonga ukuta, nikashika mashine kwa mkono mmoja. Biti ikakutana na nondo. Biti ikasimama, mashine yenyewe ikazunguka. Klachi ya usalama, ile inayoachia mota biti ikikwama, ilijitahidi, lakini kifundo cha mkono kilivimba siku tatu. Tangu hapo mpini wa pembeni hautoki, na kazi ya juu naifanyia kwenye jukwaa lililotulia, miguu yote miwili chini. Nikihisi nondo nahamisha tundu. Ncha ya kabaidi ya biti ya kawaida imetengenezwa kuponda mawe, si kukata chuma, na isitoshe nondo ile inashikilia jengo.

Kuhusu umeme sina mzaha. Waya za ukutani mara nyingi hupita wima au mlalo kutoka kwenye soketi na swichi, basi mstari huo siugusi bila kupima kwanza kwa kifaa cha kutafuta waya. Mashine yangu ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ina kinga mbili za umeme na haihitaji waya wa ardhi. Wengine wakiona hivyo wanajiona salama. Ukitoboa waya wenye moto, umeme unaweza kupita kwenye biti hadi sehemu za chuma za mbele, na hapo tegemeo lako ni kushika mipini ya plastiki tu, pamoja na kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja, kwenye mzunguko wako. Halafu ile ekstensheni yenye waya uliozungushwa kwenye gurudumu, ukunjue waya wote. Ikibaki imejikunja huku ikibeba mzigo, inachemka.

Miwani, barakoa ya FFP2 inayochuja vumbi laini, na vya kuziba masikio naviweka ndani ya boksi la mashine, la sivyo nitavisahau. Vumbi la zege lina silika, ile inayoharibu mapafu taratibu bila kukutaarifu. Vigae naanza bila nyundo, kasi ndogo, hadi nivuke kigae chenyewe.

Kasoro zipo. Karibu kilo 3 ni nzito ukitoboa dari. Kitufe cha kuchagua kazi kinakuwa kigumu vumbi likiingia, na kukilazimisha wakati mashine inazunguka ni kutafuta kuvunja gia. Kwa mbao nalazimika kufunga adapta yenye taya, na inayumba kiasi cha kuudhi. Usithubutu kuwasha nyundo ukiwa nayo.

Mwaka wa tatu ilizima katikati ya kazi, kimya. Nikajua mota imekufa. Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa kaboni mbili, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimebaki fupi kama milimita 5. Zile za mashine hii hukata umeme zenyewe zikiisha ili zisiharibu mota, ila cheche zilikuwa zimeanza kuongezeka wiki nzima nami nikapuuza. Tukaweka mpya zote mbili kwa pamoja, tukaiacha izunguke bila mzigo dakika chache zikae sawa. Sasa nina jozi ya akiba. Baada ya kazi naipuliza matundu ya hewa, na ikiwa imechemka sizimi papo hapo, naiacha izunguke tupu kidogo ijipoze.

Niliwahi kumwazima mtu, ikarudi mdomo mkavu, biti imekwama na matundu yote yameziba. Siku hizi simnyimi anayeiomba. Namuuliza tu tunaanza saa ngapi, maana tunakuja wawili, mimi na yeye.