Kugawanya ishara kwa analogi: kizidishi au transista za logi?

Kizidishi (chipu inayozidisha volti mbili) kama AD633 ndani ya mrejesho wa opampu (chipu ya kukuza tofauti ya volti) ndiyo njia fupi: chipu mbili, rezista mbili zinazolingana, na tokeo ni −10 V × kiasi (ishara inayogawanywa) ÷ asili (ishara inayogawanya). Tatizo ni asili. Ikishuka hadi 0.1 V, ofseti ya kizidishi (kosa lake dogo la volti lisilotoka) hukuzwa mara 100, hivyo 5 mV zinakuwa 0.5 V kwenye tokeo. Kasi nayo hupungua. Asili ikigeuka hasi, mrejesho unakuwa chanya na opampu inagota kwenye ukomo wa volti zake.

Saketi ya logi (logarithimu) hujumlisha na kupunguza VBE za transista nne, yaani volti kati ya beisi na emita, zinazofuata logi ya mkondo, na kosa lake hubaki asilimia ya jibu lenyewe hata asili ikiwa ndogo. Lakini tofauti ya 1 mV tu kati ya VBE huleta kosa la karibu 4%, kwa hiyo tumia transista za kipande kimoja cha silikoni, zenye joto moja. Hupokea ishara chanya pekee. Ikianza kutetema (na mara nyingi hutetema), weka rezista kwenye emita na kapasita ndogo kutoka tokeo la opampu hadi ingizo hasi.

Asili inayobadilika chini ya mara 10, kizidishi kinatosha. Ikizidi hapo, logi.