Msalaba Ulioliwa na Mchwa: Tathmini ya Huduma za Mazishi na Makaburi ya Dodoma

Mama yangu mdogo alifariki dunia mwezi Agosti mwaka juzi, na kwa kuwa alikuwa ameishi Chang'ombe ya hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka thelathini, familia ilikubaliana azikwe hapa hapa badala ya kusafirishwa kwenda kwetu Mpwapwa. Uamuzi huo ndio ulionifanya niwe mteja wa kampuni ya huduma za mazishi na, baada ya hapo, mgeni wa mara kwa mara makaburini. Sikutaka kuandika tathmini hii mapema, kwa sababu siku ya maziko kila mtu ana haraka, macho yamejaa machozi, na kila kilichopakwa vanishi huonekana kizuri. Nilikuwa na swali moja tu: misimu miwili ya mvua ikishapita, je, mtu aliyetoka mbali ataweza kulifikia kaburi na kulisoma jina?

Kampuni tuliyoitumia, ambayo sitaitaja, iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mochwari. Kwa siku tatu za mwanzo sina lalamiko lolote juu yake. Kijana wa mapokezi alitukaribisha kwa "poleni sana, wazazi wangu", akatuletea viti na maji, na hakutoa karatasi ya bei mpaka mjomba alipoiomba mwenyewe. Alituuliza kama kibali cha mazishi tumekwisha kukipata, akatukumbusha pia kwamba kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30 ili cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisije kuwa usumbufu wakati wa kushughulikia mirathi. Jeneza lilikuwa la mninga, maungio yamebana vizuri. Shangazi, ambaye haamini duka lolote, aliligonga kila upande, akainama kulitazama chini na kukuta sakafu yake ni plaiwudi. Si kosa, mradi mteja aambiwe, na kijana alikuwa ametuambia kabla shangazi hajainama. Gari la kubebea mwili lilifika nusu saa kabla ya muda tuliokubaliana, na dereva aliendesha polepole nyuma ya waombolezaji waliokuwa wakitembea, bila kupiga honi hata mara moja.

Kasoro zilianza na msalaba. Ulikuwa umejumuishwa kwenye gharama kama zawadi, na kitu cha kupewa bure hukikagui. Kibati chake kiliandikwa kwa rangi nyeusi kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1985, hali ya kuwa alizaliwa mwaka 1958 na ameacha vitukuu wawili. Tuligundua kosa hilo wakati kwaya inaimba, na hapakuwa na la kufanya. Walikirekebisha kibati baada ya siku nne, bila kutudai na bila kubishana, nami nawapa haki yao kwa hilo. Lakini mti wenyewe ulikuwa wa mbao laini isiyopakwa dawa, umechomekwa moja kwa moja kwenye udongo. Yeyote aliyewahi kuacha ubao nje ya nyumba Dodoma anajua kinachofuata: mchwa huanzia chini, hujenga njia yao ya udongo juu ya mbao, na kuila kwa ndani huku ngozi ya nje ikibaki nzima. Nilipoushika mwaka uliofuata ulivunjika mkononi kama mkate mkavu. Herufi za kibati nazo zilikuwa zimepaushwa na jua, likabaki jina la ubatizo peke yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu ilitokana na ushauri. Wiki mbili tu baada ya mazishi kampuni ilitupigia simu kutushawishi tujengee kaburi, zege chini na terazo juu, ikisema bei ya saruji inapanda. Tukakubali. Udongo wa kaburi jipya haujashikana, na mvua za kwanza zinapoanza Desemba hushuka na kuacha uwazi chini ya zege. Kufikia Februari terazo ilikuwa na ufa kutoka kichwani hadi miguuni. Fundi niliyemwita baadaye aliniambia kwamba wao husubiri angalau msimu mmoja wa mvua upite, wakishindilia na kujaza udongo kila unapotitia, ndipo wajenge. Kampuni inayozika watu kila wiki haiwezi kuwa hailijui jambo hilo.

Kwa upande wa Waislamu siwezi kusema mengi, kwani wao huosha, huvisha sanda na kuzika upesi kwa mikono ya jamaa na majirani, na jirani yangu aliyefiwa mwaka jana alichohitaji kwenye kampuni kama hiyo ni gari tu.

Makaburi yenyewe tuliyomzika ni ya umma, pembezoni mwa jiji. Hayana uzio wa kutosha, mbuzi huingia wapendavyo, na wakati wa kiangazi upepo huleta mifuko ya plastiki ikanasa kwenye misalaba. Njia za kupita kati ya safu zimezibwa na makaburi yaliyojengewa kwa fahari, yenye vigae na paa la bati, kiasi kwamba anayekwenda kwa maskini wake hulazimika kukanyaga wa wengine. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016 jiji limejaa, na ni wazi kwamba ramani za viwanja zimeshughulikiwa kwa bidii kuliko ramani za wafu.

Nimeyalinganisha na sehemu mbili nyingine za hapa mjini. Ya kwanza ni Maili Mbili, walikozikwa watu ambao hawakutambuliwa baada ya ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002, ile treni ya abiria iliyorudi nyuma mlimani kati ya Msagali na Igandu ikagongana na ya mizigo, wakafa watu 281. Hapo huwezi kusoma jina la aliyelala, na bado watu wa Dodoma hupaelekeza kwa neno moja, "Wahanga", na kila dereva wa bodaboda anapajua. Ya pili ni makaburi ya vita yaliyo chini ya tume ya Jumuiya ya Madola iliyoundwa mwaka 1917, ya askari waliofia huku katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, kuutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwishoni mwa Julai 1916. Kwa utunzaji hayana mpinzani: tume hiyo huweka alama za namna moja bila kujali cheo, na huzibadilisha zinapochakaa. Hata hivyo, tume hiyo hiyo ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi, waliobeba mizigo ya hao wanaosomeka kwenye mawe.

Kwa gari na jeneza nitairudia kampuni ile. Kwa msalaba na ujenzi, hapana. Mwaka huu nilimwachia fundi wa kuchomelea kazi ya msalaba wa chuma, jina likachongwa badala ya kupakwa rangi, na mguu wake ukazamishwa kwenye zege.

Aliyeniokoa siku niliyoupeleka ni mzee anayechimba makaburi pale, maana ule wa mbao ulikuwa umeshatoweka nami nikawa nazunguka kati ya vilima vya udongo vinavyofanana. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa", akaitikia, akaegemeza sururu yake kwenye mbuyu na kutoa mfukoni daftari lililokunjika. Hajapewa na mtu yeyote, analinunua mwenyewe. Alilamba kidole, akafunua kurasa mpaka Agosti, akasoma kwa sauti: "Mama wa Chang'ombe, hatua arobaini na mbili kutoka mbuyuni, upande wa reli." Tukaanza kuzihesabu pamoja, yeye mbele.