Mdhamini wa mtu anayejitolea: barua au simu?

Kabla ya kumpokea mtu anayeomba kujitolea, unamuuliza mdhamini wake, yaani mtu anayemfahamu na anayeweza kueleza tabia yake, kwa barua au kwa simu. Barua ina faida moja kubwa: inabaki kwenye faili, na hata miaka ikipita unaweza kuonyesha uliuliza nini na ukajibiwa nini. Ila wengi huandika sifa tupu, na ile aliyoileta mwombaji mwenyewe huwezi kujua nani kaiandika.

Simu ndiyo inayofichua. Uliza, "Ungekubali akae na watoto bila msimamizi?" kisha nyamaza usikilize, kusitasita hakuonekani kwenye karatasi. Namba itafute mwenyewe kupitia ofisi ya mdhamini, usitegemee ya kwenye fomu.

Kwa wa kupanga viti, barua inatosha. Kwa atakayehudumia watoto au wagonjwa, mimi nadai vyote viwili: simu kwanza, kisha maandishi ya kuthibitisha yaliyosemwa, kabla hajaanza hata siku moja.